Pigo Nje ya Zamu

Katika vitu alivyobuni mwanadamu ili aweze kuishi na mwenzake pasipo kusukumana, zamu ni kimoja cha vile vidogo kwa umbo na vikubwa kwa faida. Zamu haina askari wala gereza. Ni kauli tu kwamba sasa ni wewe na baadaye ni mimi. Walakini kauli hiyo hufanya kazi inayowashinda askari wengi: humpa mnyonge nafasi kamili mbele ya mwenye misuli, na mpole mbele ya mwenye ulimi mrefu. Mwenye nguvu hana haja kubwa na zamu, maana yeye angeweza kutwaa atakacho saa yoyote. Zamu ni ngao ya yule asiyeweza kusukuma.

Kwa hiyo swali la insha hii si dogo kama linavyoonekana. Je, yaweza kuwa haki kumpiga mshindani wakati ambao si zamu yako? Moyo hukimbilia kujibu upesi kwamba haiwezekani. Lakini jibu la upesi aghalabu ni jibu la nusu, na wahenga waliotwambia kwamba subira huvuta heri ndio hao hao waliosema ngoja ngoja huumiza matumbo. Yafaa basi tulitazame jambo hili kwa utulivu, kwanza katika michezo, ambamo makosa hayamwagi damu, ndipo tulipeleke katika mambo ambayo humwaga.

Neno zamu lenyewe lina harufu ya chumvi. Mabaharia wa Bahari ya Hindi walilitumia kwa ulinzi wa chomboni, na waongozaji wa vyombo wa zamani, kama Ahmad ibn Majid wa karne ya 15, walipimia masafa: zamu moja ni mwendo wa saa 3. Majahazi yaliyotia nanga Bagamoyo na Saadani, yakivuka kwenda Unguja au yakifuata pwani kwenda Pangani, yaliendeshwa kwa desturi hiyo. Wengine walilala na wengine walikesha. Aliyelala hakuwa mvivu na aliyekesha hakuwa mtumwa wake, kwa kuwa saa zingepita nao wangebadilishana. Hata hivyo hapana baharia aliyedhani kwamba tufani ikizuka atasema, niacheni nilale, zamu yangu bado. Kishindo cha hatari kiliwaamsha wote. Hivyo tangu asili yake zamu ilikuwa na mlango wa dharura, na kila mtu aliyepanda chomboni aliujua mlango huo kabla ya tanga kutwekwa.

Tutoke chomboni twende barazani. Mchezo wa zamu unaoheshimiwa kuliko yote katika pwani yetu ni bao. Bao la Kiswahili lina safu 4 za mashimo 8, na kete 64. Kila mchezaji humiliki safu 2. Mchezo huanza kwa namua, kila mmoja akiwa amekwisha weka kete 10 ubaoni na kushika 22 mkononi. Kete za mkononi zikiisha, huingia katika mtaji. Mwenye zamu hupanda, hula, huendelea kupanda, na zamu yake moja yaweza kuzunguka ubao mara kadhaa mpaka kete yake ya mwisho iangukie shimo tupu. Hapo hulala. Muda wote huo mwenzake hutazama tu. Kete zake zaliwa mbele ya macho yake, nyumba yake yavunjwa, naye mikono yake i magotini. Hakuna kisa kimoja kinachomruhusu kuugusa ubao kabla mwenzake hajalala.

Mtu asiyeujua mchezo angedhani hiyo ni dhuluma. Anayeujua huona kwamba hiyo ni shule. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na bao humfundisha mtu kukubali hivyo mara nyingi katika mchezo mmoja, kwa sababu kila zamu ya mwenzake ni kushindwa kidogo anakotakiwa kukutazama bila kukunja uso. Wasumbufu wa bao ni watazamaji, ambao hawana zamu kabisa na bado huona taabu kunyamaza. Mwenye kunong'ona, "Namua pale," amempiga mmoja wa wachezaji pigo asiloweza kulijibu, maana hayumo mchezoni apate kuliwa.

Pamoja na ukali huo, bao lina kanuni moja ambayo mkono wake hufika nje ya zamu, nayo ni kutakatia. Katika mtaji, mchezaji asiye na cha kula hutakata. Ikiwa kutakata kwake kumeacha shimo moja tu la adui katika hatari ya kuliwa, na adui hana cha kula katika zamu inayofuata, basi adui haruhusiwi kulichezea shimo lile. Ametakatiwa. Zamu ni yake, ubao u mbele yake, lakini shimo lililo hatarini limefungwa na mtu ambaye zamu yake imekwisha. Hata hivyo kufuli hilo lina mipaka. Haliwezi kufunga nyumba iliyo hai, wala shimo pekee lenye kete katika safu ya mbele, wala shimo pekee lililobaki na kete zaidi ya moja. Waliotunga bao walielewa kwamba kumbana mtu katika zamu yake mwenyewe kwafaa kuruhusiwa, mradi asinyang'anywe kila njia ya kutokea.

Sasa tutazame mchezo mwingine, ambao kwa wengi wetu wa pwani ni mgeni. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson wa Marekani walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Wachezaji hukaa mezani na kusimulia kwa pamoja hadithi ya mashujaa, mazimwi na mapango, kila mmoja akiwa na mhusika wake, na mmoja wao akiwa msimulizi mkuu na mwamuzi. Dadu huamua yasiyo na hakika. Vita vikizuka, dadu hupanga nani atangulie na nani afuate. Duru moja ya vita huhesabiwa kuwa sekunde 6, na ndani ya sekunde hizo kila mhusika, rafiki na adui, hupata zamu moja. Zamu zote hufikiriwa kwamba zatendeka karibu kwa wakati mmoja, ila ulimi wa mwanadamu hauwezi kusimulia mambo kumi kwa mara moja, ndipo huyasimulia kwa zamu.

Katika mashujaa hao yumo mmoja ambaye hapa nitamwita mnyemeleaji. Hana upanga mzito wala uganga. Silaha yake ni kumwahi adui asiyekuwa tayari, au adui ambaye mwenzake mnyemeleaji amemsimamia karibu, ndani ya futi 5, akamshughulisha. Hapo pigo lake huongezewa uzito: dadu 1 ya pande 6 anapoanza safari, na dadu 10 anapofika daraja ya 19. Ni ile hekima yetu kwamba simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Kitabu cha kanuni cha mwaka 2014 kilisema kwamba uzito huo waweza kuongezwa mara 1 katika kila zamu. Hakikusema katika kila duru, wala hakikusema katika zamu ya mnyemeleaji mwenyewe. Kanuni nyingine humpa kila mhusika itikio moja katika duru, yaani tendo moja la ghafula awezalo kulifanya katika zamu ya mtu mwingine. Mathalani, adui akiondoka mbele yako ovyo, bila kujihadhari, waweza kumpiga anapogeuka. Ukiziunganisha kanuni hizi mbili, wapata hili: mnyemeleaji apiga pigo lake zito katika zamu yake, kisha adui, katika zamu yake yeye, ageuka kukimbia, mnyemeleaji ampiga tena, na masharti yakitimia, uzito wote warudi mara ya pili.

Jambo hili lilileta ubishi. Mwaka 2022 watunzi walipotoa rasimu ya majaribio kwa wachezaji, waliufunga mlango huo: pigo la kunyemelea liwe katika zamu ya mwenyewe tu. Kitabu kipya kilipotoka mwaka 2024, mlango ulikuwa wazi tena kama zamani. Twaweza kucheka kwamba watu wazima walijadiliana kwa bidii juu ya kisu cha mtu wa kubuni. Lakini mimi naona walikuwa wakijadili swali letu lile lile, nasi twafanya vema kusikiliza hoja za pande zote mbili.

Wenye kuipinga kanuni hii husema kwamba zamu ni kipimo cha usawa. Kila mtu apate fungu moja, na atosheke nalo. Anayechota katika fungu la wengine, hata kwa ruhusa ya herufi za kitabu, huirudisha meza katika hali ya mwenye mkono mrefu. Husema pia kwamba mtunzi wa kanuni huenda hakukusudia hivyo, na kwamba mtu mwaminifu huifuata nia ya kanuni wala hajifichi nyuma ya neno lake.

Wenye kuitetea hujibu kwamba adui hakupigwa bila sababu. Alifanya tendo lililomfungua. Kanuni ilimpa njia ya kujitoa kwa uangalifu, kwa gharama ya tendo lake la duru ile, naye akaona gharama ni kubwa, akageuza mgongo. Aliyeacha mlango wazi hawezi kumlaumu upepo. Tena husema kwamba itikio ni moja tu: mnyemeleaji akilitumia hapa hatakuwa nalo pale, hata akija adui mbaya zaidi. Na huongeza hoja ya tatu ambayo kwangu ndiyo nzuri kuliko zote. Yumo katika mchezo huo askari mwenye ujuzi wa kuamrisha, awezaye kuacha pigo lake moja ili mwenzake apige badala yake kwa itikio lake. Pigo la namna hiyo ni nje ya zamu ya mpigaji, lakini halikuibwa. Limetolewa na mwenye zamu, kwa hiari, kutoka katika fungu lake mwenyewe.

Nikizipima hoja hizi naona kwamba ubaya wa pigo la nje ya zamu hautokani na saa lilipopigwa. Watokana na mambo mengine, na yafaa kuyataja moja moja.

Jambo la kwanza ni kwamba mlango uwe umejulikana na wote kabla ya mchezo kuanza. Baharia alijua kuhusu tufani, mchezaji wa bao ajua kuhusu kutakatia. Kanuni inayovumbuliwa na mtu katikati ya pambano, siku ile inapomfaa yeye, ni hila hata kama maneno yake ni mazuri.

Jambo la pili ni kwamba mlango ufunguliwe na mwenye zamu. Ama aufungue kwa kosa lake, kama yule aliyegeuza mgongo, ama aufungue kwa ukarimu wake, kama yule askari. Pigo linaloingia kwa kuvunja ukuta halina haki hiyo.

Jambo la tatu ni gharama. Mwenye kupiga nje ya zamu na apungukiwe na kitu. Ruhusa isiyo na gharama hugeuka kuwa desturi, na desturi ya kupiga wakati wowote ndiyo kifo cha zamu.

Jambo la nne ndilo gumu kuliko yote, nalo ni kuridhia kanuni hiyo hiyo igeukapo upande wako. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu uchungu. Mnyemeleaji anayeshangilia pigo lake la pili na kulalamika adui apatapo lake hakuwa akitetea kanuni. Alikuwa akitetea tumbo lake.

Mezani yupo mwamuzi, na barazani wapo wazee. Mtihani wa maneno haya ni mahali pasipo na mwamuzi, na Bagamoyo ni mji uliopata kuujua mtihani huo. Agosti 1888 kampuni ya Kijerumani ilianza kutwaa mamlaka ya miji ya pwani, na watu wa pwani wakainuka chini ya viongozi kama Abushiri bin Salim na Bwana Heri bin Juma wa Saadani. Katika majira ya masika ya mwaka 1889 yalikuwako makubaliano ya kusimamisha mapigano kati ya Abushiri na Deinhard, amiri wa manowari za Kijerumani. Hermann Wissmann alipowasili na jeshi lake hakuyaendeleza makubaliano yale. Tarehe 8 Mei 1889 aliishambulia na kuiteka ngome ya Abushiri karibu na Bagamoyo. Abushiri alitoroka, akakamatwa Desemba mwaka ule, akanyongwa Pangani tarehe 15.

Mtetezi wa Wissmann angesema kwamba kila jemadari ana zamu yake, na kwamba ahadi ya yule wa baharini haikumfunga yule wa nchi kavu. Hoja hiyo tuipime kwa vipimo vyetu. Je, mlango huo ulijulikana kwa pande zote? Aliyefanya sulhu na amiri alidhani amefanya sulhu na Wajerumani, si na mtu mmoja juu ya sitaha. Ikiwa kila ajaye ana haki ya kuanza upya, basi sulhu haipo, na anayeweka silaha chini ni mpumbavu. Lakini haki yatudai tupime na upande wa pili. Januari 1889 wapiganaji wa upande wa Abushiri waliishambulia misheni ya Pugu, wakaua na kuteka watu waliokuja kuhubiri na kulima. Watu hao hawakuwa na zamu yoyote katika vita vile. Anayelilia la Mei na kunyamazia la Januari ameshika mkuki kwa upande wa mpini tu.

Kutoka hapo nasema kwamba vita huwa vibaya kupita vita pale zamu inapokufa. Sulhu, bendera nyeupe, mjumbe asiyeuawa, yote hayo ni zamu ndogo ndogo ambazo maadui huachiana katikati ya chuki. Anayezitumia kama chambo hushinda siku moja. Lakini wa kulipa deni lake ni wanyonge wa pande zote mbili, kwa kuwa baada yake hapana atakayeamini tena mkono ulionyoshwa.

Wala tusidhani kwamba mambo haya ni ya majemadari. Tazama watu waliopanga mstari mbele ya dirisha la dawa tangu alfajiri. Aja mama amebeba mtoto anayetweta kwa homa, na walio mbele wasogea wampishe. Huyo amepita nje ya zamu, lakini kwa mlango unaojulikana na kila mtu, uliofunguliwa na wenye zamu wenyewe, na kila aliyesogea angetamani kusogezewa kama mtoto angekuwa wake. Mara aja mwingine, mzima wa afya, akamkonyeza mtu wa ndani, akaitwa kwa jina lake. Hatua zake ni zile zile za yule mama, na mahali alipofikia ni pale pale. Walakini mstari mzima wajua tofauti, hata asipopatikana mmoja wa kuisema. Mama aliongeza imani ya watu katika zamu, maana aliwaonyesha kwamba zamu ina huruma. Huyu wa pili ameipunguza, na kesho yake mstari utakuwa mfupi na msukumano utakuwa mrefu.

Kwa hiyo simkatazi mnyemeleaji pigo lake la pili. Kama meza imeafikiana, na adui amegeuza mgongo mwenyewe, na itikio limelipwa, na dadu la adui litapokewa kwa uso ule ule, basi na apige. Ninalomwomba ni kwamba ajue anaishi kwa imani ya watu waliotulia. Pigo lake lina thamani kwa sababu wengine wote wamekaa na mikono magotini wakingoja. Siku wote watakaponyanyua mikono kwa pamoja, yeye mwenye kisu kidogo na mwendo wa pole ndiye atakayekuwa wa kwanza kukanyagwa.

Zamu ni amana. Anayeingoja huilinda kwa kungoja kwake, na anayempisha mwenziwe kwa hiari huipamba. Yule aivunjaye kwa siri huishi ndani ya nyumba huku akichomoa boriti zake moja moja, akifurahia kuni alizozipata bila kwenda msituni.